Singe za Vita Mkoani Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, mzaliwa wa Ngamiani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya singe za vita. Watu huniletea zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, kwenye khanga kuukuu, na wakati mwingine kwenye kiroba cha mkaa, kisha huuliza karibu maswali yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, ili anayekaa Pongwe, Mkinga au Muheza asilazimike kupanda daladala kuja kuuliza jambo analoweza kulitazama mwenyewe nyumbani.

Singe ni nini hasa? Si kisu tu?

Singe ni kisu au upanga mfupi unaofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili bunduki igeuke mkuki. Hapo ndipo inapotofautiana na kisu cha kawaida: lazima iwe na mahali pa kushikia bunduki. Tazama kichwa cha mpini. Ukiona mfuo wa kuchomekea na kitufe cha chemchemi kinachobonyea, hiyo ni singe. Usipoviona, una kisu, jambia au panga, na maelezo mengi ya hapa hayatakuhusu.

Wazungu huita silaha hii kwa jina la mji wa Bayonne, kusini magharibi ya Ufaransa. Sisi neno letu limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako huitwa sangin. Hilo hunigusa kila nikilikumbuka, kwa sababu wengi wa askari wa Mwingereza walioshuka hapa Tanga, Ras Kazone, mwaka 1914 walikuwa Wahindi, na kile walichobeba mkononi wao na sisi tulikiita karibu kwa jina moja.

Za mwanzo kabisa, karne ya 17, zilichomekwa ndani ya mtutu kama kizibo. Askari akishachomeka hawezi tena kupiga risasi. Mwaka 1689, huko Killiecrankie, Scotland, jeshi la serikali lilivamiwa na watu wa milimani likiwa bado linahangaika kuchomeka singe zake, likashindwa. Baadaye zikaja za pete na soketi, zinazokaa nje ya mtutu, na askari akaweza kupiga risasi singe ikiwa imefungwa.

Kwa nini Tanga kuna singe nyingi za zamani?

Kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza ilifika mlangoni, mji ukiwa chini ya Mjerumani. Novemba 2, 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia bandarini na kudai mji usalimu amri. Usiku huo majeshi yakaanza kushuka Ras Kazone. Waingereza walikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Upande wa pili kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi askari Waafrika, walioletwa kwa treni ya reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi. Siku ya tarehe 4 wakapigana ndani ya mashamba ya minazi na mpira, kando ya reli, hadi mitaani. Nyuki waliokuwa wamekaa kwenye miti walichafuka kwa risasi wakawavamia watu bila kubagua. Wakati jua linaelekea kuchwa, ubavu wa kushoto wa Waingereza ulishambuliwa na askari wenye singe na ukavunjika. Tarehe 5 waliobaki walirudi merikebuni.

Zaidi ya watu 800 wa upande wa Uingereza walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Waliacha ufukweni bunduki kwa mamia, bombomu 16 na risasi zipatazo 600,000. Palipo na bunduki pana singe. Miongoni mwa waliokufa upande wa Wajerumani alikuwemo Tom von Prince, yule ambaye wazee wa Usambara walimwita Bwana Sakarani.

Na haikuishia hapo. Januari 18 na 19, 1915 palipiganwa Jasini, karibu na mpaka wa Kenya. Aprili mwaka huo meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilikimbilia Ghuba ya Manza na shehena ya silaha, ikifukuzwa na manowari Hyacinth. Julai 1916 Waingereza waliuchukua mji. Ndiyo maana singe zinatoka Tanga mjini, zinatoka Mkinga, zinatoka njia yote ya Korogwe.

Nimeikuta singe nyumbani kwa marehemu babu. Nianze na nini?

Usiisugue. Nakuomba kwa dhati: weka chini msasa, weka chini stilwaya, mrudishie jirani grenda yake.

Nikueleze kwa nini nasisitiza hivi. Bibi yangu alikuwa na kifuo cha kufulia nazi. Chuma kirefu, bapa, chenye ncha, kimepigiliwa kwenye gogo la mwembe nyuma ya nyumba. Sote tuliokulia pale tumefua nazi juu yake, na hakuna aliyejua kingine zaidi ya kwamba ni "chuma cha vita". Gogo lilipooza nilikuwa na miaka 19, nimeanza kazi karakana, nimejaa ufundi. Nikakitoa, nikakipeleka kwenye jiwe la kusagia, nikakisafisha mpaka kikawa kinamulika kama kijiko cha harusi. Nilimrudishia bibi kwa fahari. Miaka mingi baadaye, nilipojifunza kusoma chapa, nikakitazama tena. Karibu na mpini, mahali pale pale palipohifadhiwa ndani ya gogo, palikuwa na kivuli cha taji na mstari wa herufi ambazo mkono wangu mwenyewe ulikuwa umezifuta. Singe ile ilikuwa imevuka bahari, vita na nazi zaidi ya elfu, ikaja kunyamazishwa na mjukuu mwenye nia njema.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote: ipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa asubuhi unaotoka ubavuni. Pima urefu wa kengee, yaani ile sehemu ya kukatia, kwa sentimita, kuanzia kwenye kikingio cha mkono hadi nchani. Kisha kaa na mkubwa wa nyumba umuulize: ilitoka wapi, nani aliileta, ilitumikaje? Andika siku hiyo hiyo. Chuma kinaweza kungoja miaka mia, mzee hawezi.

Nitajuaje kama ni ya Mjerumani au ya Mwingereza?

Anza na pete. Singe za Kiingereza za bunduki ya Lee-Enfield zina pete kamili kwenye kikingio, inayopita kwenye mdomo wa bunduki au chini yake kidogo. Singe za Mjerumani za Mauser ya 1898 hazina pete kamili. Zinategemea mfuo mrefu ndani ya kichwa cha mpini peke yake. Jambo hili moja linamaliza nusu ya ubishi wa vijiweni.

Kisha urefu. Ya Kiingereza unayoweza kukutana nayo zaidi ni ya mwaka 1907, yenye kengee ya inchi 17, yaani sentimita 43, makali upande mmoja na mfereji pande zote mbili. Waingereza waliibuni wakiiga ya Wajapani ya bunduki ya Arisaka. Iliyotangulia, ya 1888, ni fupi, inchi 12 tu, na ina makali pande mbili kama jambia. Ya 1903 nayo ni ya inchi 12. Sababu ya kurefusha ni hesabu rahisi: bunduki mpya ilikuwa fupi kuliko ile ya zamani, na majenerali hawakutaka askari wao afikiwe kabla hajamfikia adui.

Za Mjerumani ni za namna nyingi zaidi. Hapa kwetu iangalie kwanza ile ya 1871, kwa sababu mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani la koloni, walikuwa bado na bunduki za mwaka huo, zinazopiga risasi moja moja za milimita 11 na kutoa wingu la moshi mweupe linalomwonyesha adui ulipojificha. Singe yake ina mpini wa shaba ya manjano na kengee ya sentimita 47 hivi. Ukiona mpini wa shaba wenye mistari ya kukingamana, tulia, hicho ni kitu cha kuheshimu. Makampuni machache tu ya jeshi hilo yalikuwa na Mauser ya 98, na singe yake ya kwanza ilikuwa ndefu na nyembamba, sentimita 52. Iliyofuata, ya 1898/05, ni ya sentimita 37 hivi, na kengee yake hupanuka kuelekea nchani, ndiyo maana wengi huifananisha na kisu cha muuza nyama. Baadhi yake zina meno ya msumeno mgongoni, za kukatia miti.

Wengine? Ipo ya Mfaransa ya bunduki ya Gras ya 1874, ndefu, mgongo wake una umbo la herufi T, na juu ya mgongo huo kumechorwa kwa mwandiko wa mkono jina la kiwanda na mwaka. Bunduki za zamani za Ulaya ziliuzwa kwa wingi pwani hii mpaka mkutano wa Brussels wa 1890 ulipowekea biashara hiyo mipaka. Na ipo ya Mreno, nitaifikia.

Herufi na namba zilizopigwa juu yake zina maana gani?

Hapa ndipo singe inapojitambulisha. Chukua ya Kiingereza ya 1907. Karibu na mpini, upande mmoja, utaona taji, chini yake herufi za mfalme, mara nyingi GR kwa George, kisha 1907. Wengi husoma 1907 wakadhani ndio mwaka iliyotengenezwa. Sivyo, hilo ni jina la muundo. Mwaka wake halisi uko chini: namba ya mwezi na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 5 na 11, maana yake Mei 1911. Chini zaidi ni jina la kiwanda. Geuza upande wa pili: alama kama unyayo wa kuku ni mshale wa mali ya serikali, X inaonyesha kengee ilipindwa kwa majaribio ikarudi sawa, na vitaji vidogo vyenye namba ni sahihi za wakaguzi. Iliyoingia kwenye mali ya serikali ya India huwa na mshale juu ya herufi I, na RFI ni kiwanda cha bunduki cha Ishapore, Bengal.

Ya Mjerumani huandikwa mgongoni. Hapo pana taji, herufi W ya Wilhelm kama ni ya Prussia, na tarakimu mbili za mwaka. Jina la kiwanda liko kwenye kengee karibu na mpini. Ukibahatika utakuta pia namba za kikosi kwenye kikingio. Mfano wa mpangilio wake ni 87.R.5.63: rejimenti ya 87, kampuni ya 5, silaha ya 63. Unakuwa umeshika chuma cha mtu mmoja aliyepewa namba 63 akaambiwa asikipoteze.

Ili kusoma chapa iliyofifia huhitaji dawa. Zima taa, funga dirisha, lalisha tochi ya simu pembeni karibu kabisa na chuma. Herufi zitainuka zenyewe. Njia nyingine ni kuweka karatasi nyembamba juu na kupitisha penseli kwa ubavu.

Zilitengenezwa wapi na kwa namna gani?

Miji miwili ndiyo inayobeba habari hii: Solingen kwa Ujerumani na Sheffield kwa Uingereza. Jina la Solingen mnalijua, limeandikwa kwenye mikasi ya mafundi nguo na nyembe za vinyozi. Ni watu wale wale. Weyersberg Kirschbaum, Alexander Coppel na Carl Eickhorn walikuwa wafua panga na visu kabla ya kuwa wafua singe. Kazi nyingine ilifanywa Suhl kwa Simson, na Erfurt katika kiwanda cha serikali. Vita vilipopamba moto hata Fichtel & Sachs wa Schweinfurt, waliojulikana kwa vipuri vya baiskeli, waliingizwa kazini.

Uingereza, kiwanda cha serikali kilikuwa Enfield, lakini kilichofua nyingi zaidi ni Wilkinson wa London, zaidi ya milioni 2 za muundo wa 1907. Sanderson wa Sheffield wakafuatia na zaidi ya milioni moja na nusu. Chapman, pia wa Sheffield, laki tatu hivi. Mole wa Birmingham alitoa chache, na Vickers chache zaidi, kwa hiyo ukikuta jina la Vickers usiliuze kwa haraka.

Kazi yenyewe nitaieleza kifundi. Fimbo ya chuma cha pua huingizwa tanuruni mpaka iwe nyekundu, kisha hupigwa kwa nyundo ya mashine kwenye kalibu na kuvutwa kwa rola ipate umbo. Mifereji hukatwa. Halafu kengee hupashwa moto tena na kuzamishwa kwenye mafuta iwe ngumu. Hapo ni ngumu mno, ukiiangusha sakafuni inaweza kukatika kama kigae, kwa hiyo hupashwa mara ya pili kwa moto wa wastani ili ilegee kidogo, ipate unyumbufu. Mizani hii kati ya ugumu na unyumbufu ndiyo ufundi wote. Ndipo inapopindwa kwenye jaribio la X. Isiporudi sawa, imekataliwa.

Kisha inapelekwa kwenye jiwe la kunolea, na hapa naomba nikae kidogo. Wanoaji wa Sheffield waliinamia mawe makubwa yanayozunguka, wakivuta vumbi la mawe na chuma siku nzima. Mapafu yao yaliharibika, na wengi walikufa wakiwa bado vijana. Ugonjwa ule ulikuwa na jina lake mjini humo muda mrefu kabla ya vita vya 1914. Nimefanya kazi kwenye jiwe la kusagia bila barakoa nikiwa kijana, najua ladha ya vumbi lile kooni. Kwa hiyo ninaposhika singe nawaza pia aliyeinoa, ambaye hakuwahi kufika vitani.

Mwisho hufungwa vipande viwili vya mbao ya mjozi kwa skrubu au ribiti, na ala ya ngozi au chuma hushonwa au kukunjwa. Wajerumani walipoanza kuishiwa vifaa, walitoa singe za dharura zenye mpini wa chuma kitupu, zimepakwa rangi ya kijivu. Huitwa ersatz, na zina miundo mingi mno.

Ni kweli Singer wa cherehani walitengeneza singe?

Kweli kabisa. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliacha singe ndefu wakaja na kijiti cha chuma cha inchi 8, sentimita 20, kisicho na mpini wala makali, kwa bunduki ya Lee-Enfield namba 4. Ya kwanza ya aina hiyo, yenye mifereji minne, ilitengenezwa na kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, 75,000 hivi. Ya pili ni ya mviringo, na zile za Singer zina chapa N67. Inawezekana kabisa nyumba moja hapa Tanga ilikuwa na cherehani ya bibi na singe ya babu aliyekuwa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, zote za kiwanda kimoja. Watu huzitupa wakidhani ni misumari mikubwa au patasi za waashi.

Aliyeniuzia anaapa ilitoka kwenye vita vya 1914. Nitaamini vipi?

Usibishane naye, muulize chuma. Singe ya Kiingereza yenye tarehe ya 1917 haikuanguka Ras Kazone mwaka 1914. Inaweza kuwa ilikuja na vikosi vya baadaye, au ilikuja miaka ya 1940, na hiyo nayo ni historia, ila ni nyingine. Ersatz ya Mjerumani ilianza kutengenezwa vita vikiwa vimeshaanza, na bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Mtu akikuambia askari wa Lettow alikuwa nayo Tanga Novemba 1914, hadithi imevunjika. Kijiti cha Singer ni cha vita vya pili, hakuna mjadala.

Kinyume chake pia hutokea, na ndicho kinachonifurahisha zaidi. Bwana mmoja wa Tandahimba aliwahi kunionyesha singe ya Mreno, ya Mauser-Vergueiro ya 1904, akiamini ni ya Mjerumani kwa sababu babu yake alipigana upande wa Mjerumani. Nilimwambia vyote viwili vyaweza kuwa kweli. Novemba 25, 1917 Lettow alivuka Ruvuma akaivamia ngome ya Wareno Ngomano, na askari wake wakatupa bunduki zao za zamani wakachukua za Wareno. Na singe yenyewe imefuliwa Suhl, Ujerumani, ikauzwa Ureno. Imetoka kwa Mjerumani ikarudi kwa Mjerumani, kupitia ukingo wa Ruvuma.

Nimeambiwa ndani ya mpini wa Mjerumani kuna mali. Nipasue?

Hapana. Ndani ya mpini kuna mkia wa kengee, chuma kizima, pamoja na chemchemi ya kitufe. Hakuna zebaki, hakuna rupia, hakuna ramani. Dhahabu pekee ninayoijua ya vita vile ni ile sarafu ya rupia 15 yenye tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, na hiyo haikufichwa kwenye mipini. Nimeona singe nzuri zikiletwa kwangu mbao zimepasuliwa kwa ajili ya uvumi huu.

Ule mfereji kwenye kengee ni wa kupitishia damu?

Si kweli. Unapunguza uzito na kuifanya kengee isipinde ovyo, kama ulivyo mkunjo kwenye bati la paa.

Niihifadhi vipi kwenye hewa hii ya chumvi?

Upepo wa bahari ndio adui. Chuma kinachokaa Chumbageni au Raskazone dirisha wazi kinaota kutu mpya ndani ya wiki chache za masika.

Kutu nyekundu inayomomonyoka ndiyo ya kuondoa. Ile nyeusi iliyoshika, iliyolala sawa na chuma, iache, hiyo ni ngozi yake. Paka mafuta mepesi ya cherehani, acha siku mbili tatu, kisha ukwangue taratibu kwa kijiti cha mwanzi au kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko chuma. Rudia hata wiki nzima. Usitumie ndimu, siki wala maji ya betri: vinakula kutu na vinakula chapa pamoja nayo. Usiipige kromu. Ikishakauka vizuri paka nta ya nyuki nyembamba ukitumia kitambaa cha pamba.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatia kwenye kengee. Weka ala pembeni. Mfuko wa nailoni pia unatoa jasho, bora kitambaa kikavu ndani ya boksi pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Na kila anayeishika aipanguse kabla ya kuirudisha, kwa kuwa jasho la vidole ni chumvi pia. Nimeona alama ya kidole gumba imeota kutu, mistari yote inahesabika.

Ni zipi zinazoghushiwa?

Mbili hasa. Singe za 1907 za mwanzo zilikuwa na kulabu kwenye kikingio, ya kunasa kengee ya adui. Iliondolewa mwaka 1913, na nyingi zilizokuwepo zikakatwa. Kwa hiyo zenye kulabu ni adimu, na kulabu huchomelewa. Angalia kwa kioo cha kukuzia pale inapoungana: chuma halisi ni kipande kimoja kilichofuliwa pamoja, cha kuchomelea huwa na mshono au rangi tofauti. Ya pili ni meno ya msumeno ya Mjerumani, yanayokatwa leo kwa tupa. Ya kweli yamepangwa safu mbili na yamelingana.

Kwa yote, kanuni yangu ni hii: chapa ilipigwa kabla ya kutu. Ukiona shimo la kutu, na herufi imekaa kali ndani ya shimo hilo, basi imepigwa juzi.

Sheria inasemaje?

Singe si silaha ya moto, kwa hiyo si sawa na bunduki, ambayo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015. Ukikuta bunduki au risasi, hata imeoza, peleka taarifa polisi. Kuhusu singe, mimi mwenyewe nilikwenda kituoni na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa nikaeleza ninachokusanya, na nakushauri ufanye hivyo. Usitembee nayo barabarani wala usipande nayo basi ikiwa wazi.

Kuchimba ni jambo jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na maeneo ya kihistoria, na kuchimba kutafuta mabaki kunahitaji kibali. Wale wanaozunguka usiku na mashine za kutafutia vyuma kwenye uwanja wa vita, mimi sinunui kwao. Na singe za kisasa, zile za bunduki za SMG, ni mali ya jeshi. Usiguse, usinunue, usiniletee.

Tulikuwa tunachimba msingi, tukapata singe pamoja na mifupa.

Simamisheni kazi hapo hapo. Msitoe kitu. Piga simu polisi, na omba ofisi ya mambo ya kale ijulishwe. Makaburi ya Jumuiya ya Madola yaliyopo Tanga yanatunzwa, na huyo mliyemkuta anaweza kuwa na jina kwenye orodha, ama hana, maana askari wetu wengi na wapagazi hawakuandikiwa majina. Singe aliyolala nayo, chapa zake na mahali ilipolala, vinaweza kuwa ushahidi pekee wa alikuwa nani. Ukiiondoa umemnyang'anya hata hicho. Na mkikuta kitu cha mviringo chenye pete ya shaba, hilo ni kombora: ondokeni wote, hata kama limelala pale miaka mia moja.

Nina singe ya babu, watoto hawaitaki. Nisiiuze kwa wa vyuma chakavu?

Kwa kilo utapata pesa ya sukari. Nenda kwanza pale Boma la zamani la Mjerumani, makumbusho ya Urithi Tanga, uzungumze nao. Watoto wa shule hupita pale, na ni jambo moja kusikia "vita vya Tanga", na jingine kuona chuma chenyewe.

Lakini popote utakapoipeleka, usiipeleke bila maneno. Andika kwa kalamu ya risasi, ambayo haivuji ikilowana, kwenye kadi ngumu, uifunge kwa uzi wa pamba kwenye mpini. Hii ndiyo niliyoifunga kwenye kile kifuo cha bibi:

"Singe ya Kiingereza, muundo wa 1907. Kengee sm 41, imepungua kwa kusagwa. Mbao za mpini hazipo. Chapa: taji, kivuli tu, zimefutwa na mjukuu kwa jiwe la kusagia. Ilikuwa kwenye gogo la mwembe, Ngamiani, ikifua nazi. Bibi alisema aliikuta kwa mama mkwe wake alipoolewa."